Land Rover 109 yenye saa katikati ya dashibodi: ninunue au niache?

"Shikamoo fundi. Ninalima viazi huku Njombe. Nimepata Land Rover 109 pikapu, ile ndefu, inauzwa Makambako kwa milioni 11. Mwenye nayo anasema ilikuwa ya misheni na ni orijino, haijaguswa toka kiwandani. Kadi inaonyesha ni ya mwaka 1974, petroli. Lakini nilipokaa ndani nikaona saa za spidi na mafuta ziko katikati ya dashibodi, siyo mbele ya dereva, na injini iliyomo ni dizeli ya Toyota. Jirani yangu akaweka sumaku kwenye bodi, haikunasa, akasema hiyo yote ni puti, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi, nisinunue. Marehemu baba aliendesha pikapu kama hii kwenye mashamba ya chai Mufindi, na mimi nimekua nikipanda kule nyuma, kwa hiyo nakiri moyo umeshaipenda. Nitajuaje kama ni orijino kweli? Dalali anataka nitoe kishika uchumba wiki hii."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona una mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Unaogopa kuuziwa kitu ambacho sicho. Pia unaogopa, ingawa hukusema, kwamba ukikagua sana utakuta jambo la kukufanya uliache gari ambalo limeshakukumbusha mtu. Nitakujibu kwa ajili ya yote mawili, lakini kwanza tumwondoe jirani njiani.

Jirani amekushauri kwa nia njema, ila amekosea. Bodi za Land Rover hizi ni aluminiamu, aina inayoitwa Birmabright. Walianza hivyo mwaka 1948, Uingereza ilipokuwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgawo. Sumaku hainasi kwenye aluminiamu, iwe tupu au iwe imefunikwa puti nene kama ugali. Kwa hiyo kutonasa kwake ni dalili njema. Ingenasa katikati ya digadi la mbele au ubavuni mwa kreti, yaani ile sehemu ya nyuma ya mzigo, hapo ndipo ungeshtuka, maana yake fundi bodi amekata bati la kawaida akaunda kipande. Itanasa kwenye fremu za milango, na kwenye zile kingo za kreti zenye rangi ya kijivu ya zinki, na hapo usiogope, ni chuma tangu kiwandani. Puti kwenye gari hili itafute kwa kifundo cha kidole. Gonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Aluminiamu tupu inaita kama sufuria, penye puti inajibu kama mlango wa mninga. Na ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapokutana na chuma, hiyo ni metali mbili zinazolana zikipata maji. Karibu kila Land Rover ya zamani inayo, ni suala la kiasi tu.

Sasa neno lenyewe, orijino. Sokoni neno hili linavaa nguo nyingi. Mmoja akilitamka ana maana gari bado lina rangi na injini ya kiwandani. Mwingine ana maana spea zake ni za Land Rover hata kama zimetoka kwenye magari manne tofauti. Wa tatu ana maana tu kwamba gari ni lile lile lililoandikwa kwenye kadi. Muuzaji wako amesema "haijaguswa" huku injini ya Toyota inanguruma chini ya boneti, kwa hiyo kwa maana ya kwanza madai yake yameshaanguka kabla hujainama. Hilo peke yake halimfanyi mwizi. Watu wengi waliorithi haya magari hawajui historia yake. Ila usiendelee kumwuliza kama ni orijino. Uliza vitu vinavyojibika.

Land Rover ya zama hizo imefungwa kwa bolti kama kitanda cha kukunja. Madigadi, milango, kreti, kebini, injini, giaboksi, vyote vinatoka kwa spana, na vingi vya miaka tofauti vinaingiliana. Ndiyo maana zimedumu huku kwetu, kwenye tope la Rungwe na baridi ya Makete, miaka yote hii: kilichokufa kinatolewa, kinawekwa cha gari lililolala. Kwa hiyo gari la umri huu lisilobadilishwa hata kipande ni adimu sana, na kulitafuta hilo ni kujitesa. Vitu vinavyobeba utambulisho wake ni vichache: chesisi, kadi, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ambao gerejini tunauita fayawoli. Huo nao unatoka, lakini ukitaka kuutoa inabidi uvue nusu ya gari.

Ndiyo maana nimefurahi ulipoona zile saa katikati. Umeona jambo ambalo madalali wengi hawalioni. Land Rover hizi zilitoka kwa matoleo: Series II ilitoka mwaka 1958, IIA ikafuata 1961 hadi 1971, na Series III ikaanza 1971 ikaenda mpaka 1985. Mpaka IIA saa zilikaa katikati. Series III ndiyo iliyozihamishia mbele ya dereva, na grili yake ya mbele ikawa ya plastiki badala ya wavu wa chuma. Taa kubwa zilihama mapema kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1960, kutoka pale kwenye grili kwenda kwenye madigadi, lakini taa na grili usizitumie kama ushahidi kwa sababu mtu anazibadili asubuhi moja. Fayawoli ya IIA na ya Series III hazifanani, na dashibodi ya moja haikai kwenye nyingine bila kukata na kuchomelea.

Kwa hiyo gari la mwaka 1974 lilipaswa kuwa Series III, na dashibodi uliyoiona ni ya gari la 1971 au kabla yake. Hapo kuna njia tatu. Huenda gari ni IIA halisi, na mwaka 1974 uliingia kwenye kadi wakati wa kusajili kwa sababu mtu alikadiria au aliandika mwaka wa usajili badala ya mwaka wa kutengenezwa. Huenda chesisi ni ya Series III na fayawoli ilioza au ilipata ajali ikawekwa ya gari jingine. Au kadi ni ya gari moja na chuma ni cha gari lingine kabisa. Njia ya kwanza haina madhara, ya pili ni suala la bei, ya tatu ni ya kukimbia. Na kinachozitenganisha ni namba ya chesisi.

Namba hiyo imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, kwenye pembe ya chesisi inayoshika springi, nyuma kidogo ya bampa. Upande wa kulia ukiwa umekaa kwenye usukani. Nenda na brashi ya waya, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na chaki ya shule. Usikubali mtu alete grainda "kukusaidia kusafisha". Paka mafuta ya taa, subiri, sugua taratibu kwa brashi mpaka chuma kionekane, futa kikauke. Kisha sugua chaki kwa ubavu wake juu ya eneo lote na upanguse kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na namba inasomeka nyeupe. Piga picha jua likiwa limelala pembeni, siyo saa sita mchana.

Utakachotarajia ni tarakimu nane na herufi moja mwishoni, maana mfumo wa herufi na tarakimu 17 ulikuja mwishoni mwa 1979. Tarakimu tatu za mwanzo zinaeleza aina ya gari, zile tano ni namba yake katika mfululizo, na herufi inaonyesha toleo la mabadiliko ya kiufundi. Series III inaanza na 9. IIA ya silinda nne inaanza na 2. Basi, ndani ya dakika kumi utakuwa umejua kama uko kwenye njia ya kwanza au ya pili. Linganisha namba yote na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na pia na kile kibati kilichopigwa ribiti kwenye fayawoli, kama bado kipo. Kibati usikiamini peke yake, kinatoka kwa drili moja. Ribiti mpya zinazong'aa kwenye kibati cha zamani ni swali la kumwuliza muuzaji.

Tazama pia chuma chenyewe kinachozunguka namba. Tarakimu zisizosimama mstari mmoja, alama za grainda, eneo lililobonyea au rangi nzito hapo tu na siyo kwingine, mshono wa kuchomelea ndani ya shubiri moja: kila moja ni sababu ya kusimama. Lakini hapa kuna jambo linalowaumiza watu wasio na hatia. Ile pembe ya chesisi ndiyo inayopokea kila kishindo na ndiyo inayojaa tope. Ikioza, fundi anaikata na kuchomelea mpya, na namba inaondoka na kipande kilichotupwa kwenye skrepa. Gari linabaki halali, mwenye nalo ni mkweli, lakini limepoteza jina lake. Nimeona mzee akitoa machozi polisi kwa jambo hili. Ukikuta hivyo, usibishane wala usimtuhumu mtu. Mwambie muuzaji alimalize yeye na mamlaka kabla ya mauziano, si wewe baada yake.

Ukiwa hapo chini, usiinuke. Uko kwenye kitu chenye thamani kuliko yote kwenye gari hili. Chesisi ya Land Rover ni boksi mbili ndefu zilizochomelewa kwa mabati, na ndani ni tupu. Huku kwetu hakuna chumvi ya bahari, kwa hiyo watu wanadhani hakuna kutu. Ipo, ila inaanzia ndani. Tope jekundu linaingia kwenye matundu, linaziba yale ya kutolea maji, linakaa na unyevu msimu mzima wa mvua, na chuma kinaliwa kutoka upande usiouona.

Msimu mmoja wa mvua niliitwa Tukuyu kuangalia pikapu kama yako. Chini yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kutoka mbele. Ting, ting, ting. Nilipofika nyuma ya kebini, pale springi za nyuma zinaposhikwa, sauti ikageuka, ikawa kama kugonga gunia la mahindi. Nikaweka bisibisi nikasukuma kwa kiganja tu. Ikazama mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa likatoka tope bichi lenye vizizi vya nyasi. Ile rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa imeshika chesisi.

Fanya hivyo hivyo. Gonga urefu wote wa boksi mbili, gonga ile boriti ya nyuma kabisa inayobeba kreti na ndoano ya kuvutia, gonga mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na zaidi ya yote gonga kila mahali springi inaposhikwa. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri juu ya chuma kizima ni matengenezo. Kiraka juu ya kiraka ni chesisi iliyokwisha. Wewe utapakia viazi, na wote tunajua gunia la viazi la huku halijazwi kwa kipimo cha kitabu.

Kitu kingine cha kuangalia ukiwa chini: kama gari lilizaliwa pikapu. Station wagon nyingi za 109, yaani zile za abiria zilizofunikwa mpaka nyuma, zilikatwa nyuma zikafanywa pikapu bodi zilipochakaa. Pikapu ya kiwandani tanki lake la mafuta liko chini ya kiti, wakati station wagon tanki lake lilikaa nyuma. Ukikuta mabano ya tanki nyuma kwenye chesisi bila tanki, au tanki lenyewe, basi gari limebadilishwa umbo. Tarakimu tatu za mwanzo nazo zitakuambia, kwa sababu station wagon ilipewa zake. Kwa kazi ya shamba hilo halina ubaya. Ila "ni pikapu orijino" litakuwa neno la uongo, na bei iteremke.

Giaboksi unaweza kuipima barabarani. IIA ina sinkromeshi, kile kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kushuka hadi ya pili lazima upige klachi mara mbili, la sivyo inalia. Series III inayo sinkromeshi kwenye gia zote nne za mbele. Gari likikwaruza kurudi gia ya pili linaweza kuwa IIA nzima au Series III iliyochoka, kwa hiyo chukua jibu hili kama la kuungana na mengine.

Tuje kwenye injini, ambayo naona ndiyo imekukosesha usingizi. Ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, kwa gari la aina hii, mara nyingi ilikuwa ya silinda nne, cc 2,286. Namba yake hugongwa kwenye bloku upande wa kushoto, mbele, karibu na ekzosi. Uliza kama bado ipo nyuma ya ghala la mtu; ikiwepo, nunua pamoja na gari hata kama imekwama. Ile ya Toyota kwa kawaida huwa 2L ya lita 2.4 au 3L ya lita 2.8, kutoka kwenye Hilux au Hiace. Nimezifunga mwenyewe, na simlaumu anayefanya hivyo. Petroli ya Land Rover inakunywa, na spea za Toyota zinapatikana mpaka Makete. Kubadili injini siyo dhambi. Dhambi ni kufunga ovyo, na kutoandika.

Kuhusu kufunga, angalia miguu ya injini imechomelewa kwenye chuma kizima au kwenye kutu, kama kuna boriti ya chesisi iliyokatwa kupisha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kama bamba linalounganisha injini na giaboksi limechongwa vizuri. Likikaa upande, klachi inatetemeka na beringi ya mbele ya giaboksi inakufa mapema. Kisha breki, na hili nakuomba usiliruke. Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe na kuipa nguvu busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kwenye breki. Dizeli haivuti hivyo, inahitaji pampu yake, ambayo kwenye Toyota hizi hukaa nyuma ya altaneta. Wapo mafundi wanaofunga altaneta isiyo na pampu na kuliacha gari bila busta. Kama gari lina busta, zima injini, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuishika, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, usilipeleke gari hilo kwenye mteremko wa mlima Kitonga likiwa na mzigo.

Kuhusu kuandika: kadi yako inasema petroli. Maana yake injini iliyomo haijulikani serikalini. Mwambie muuzaji abadilishe taarifa za kadi TRA kwa jina lake, kwa hati ya kununulia hiyo injini na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, ndipo muandikishane mauziano. Akisema "hilo utalimaliza mwenyewe, ni dogo", mwulize kwa nini yeye hakulimaliza. Injini isiyo na hati inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyelizwa. Angalia vilevile jina kwenye kadi. Kama bado ni la misheni au la marehemu, unahitaji anayeruhusiwa kisheria kuuza, siyo mtoto wake wa pili mwenye funguo. Na usitumie namba ya usajili kukisia umri. Magari ya zamani yalisajiliwa upya namba hizi za T zilipoanza.

Habari ya misheni inaweza kuwa kweli, wamisionari waliacha Land Rover nyingi Rungwe, Tosamaganga na kwingineko. Lakini hadithi haina namba. Kama kuna kitabu cha safari au hati ya mauziano yenye mhuri, aonyeshe. Na ukitaka kujua kwa hakika, British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, wanatunza kumbukumbu za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachotaja siku gari lilipotengenezwa, rangi yake, injini iliyotoka nayo na lilipelekwa wapi. Kwa pikapu ya kubeba viazi tu nisingekusumbua. Kwa wewe, uliyekua kwenye kreti yake, naona ingefaa, ila baada ya kununua, si kabla.

Sasa maoni yangu kwa uwazi. Namba ikianza na 2, ikafanana na kadi, na chesisi ikaita vizuri, hiyo ni IIA yenye mwaka uliokosewa, nami ningeinunua bila kujali injini, nikidai tu mwaka na injini virekebishwe kwenye kadi. Ikianza na 9 na ikafanana, una Series III yenye fayawoli ya kuazima. Ni gari la kazi, zuri tu, lakini usilipie neno orijino hata shilingi. Isipofanana na kadi, au ikiwa imechezewa, ondoka hata akikupunguzia nusu, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kukutengenezea hilo.

Kabla ya hapo usitoe kishika uchumba. Mwambie dalali utatoa siku gari litakapopanda kwenye shimo la gereji mbele ya fundi uliyemleta wewe, asiyemjua muuzaji, na kadi ikiwa mkononi. Mlipe fundi huyo siku yake yote, ili asiwe na haraka. Ukaguzi wa polisi ufanyike kabla ya fedha, pale pale Makambako au Njombe. Wasipokubali kusubiri siku nne kwa gari lenye zaidi ya miaka hamsini, kuna kitu hawataki ukione.

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na uvae nguo za kulala chini. Ukishasoma zile tarakimu tatu za mwanzo, nitumie na picha ya chaki hata kabla hujaondoka hapo.